Mapigo yanaposhuka baada ya kula asali: la kufanya, hatua kwa hatua

Mgonjwa ameletwa akiwa amelowa jasho, mapigo ya moyo 38 kwa dakika, presha 70/40. Muuguzi anauliza, "Mama, mzee amekula nini leo?" Mke anajibu harakaharaka, "Hakuna cha ajabu, ni kifungua kinywa tu kama siku zote." Wala hadanganyi. Kwake asali si chakula cha kutiliwa shaka, ni kitu cha kulamba kijiko kimoja ukaendelea na shughuli zako, tena ni dawa. Ile chupa mumewe aliyoletewa na rafiki aliyetoka safari imebaki mezani, kijiko kikiwa bado ndani. Ndani ya nusu saa ijayo mgonjwa atachunguzwa mshtuko wa moyo, ataulizwa kama amemeza dawa za presha kupita kiasi, pengine hata kama amegusa dawa ya kuulia wadudu. Neno ambalo lingefupisha yote hayo halijatajwa.

Basi ukisoma mwongozo huu ukashika jambo moja tu, lishike hili: mtu akiishiwa nguvu na moyo wake ukapiga polepole saa chache baada ya kula asali, litaje neno asali kabla ya kuulizwa.

Sumu yenyewe inatoka wapi

Nyuki hana kosa. Yeye hufuata mbochi, yaani yale maji matamu ya maua, na kuna maua ambayo mbochi wake una sumu. Yanayojulikana zaidi ni ya rododendroni, vichaka vya milimani vyenye maua mengi ya kuvutia. Aina mbili zinazosumbua sana, Rhododendron ponticum yenye maua ya zambarau na Rhododendron luteum yenye maua ya njano, hujaa kwenye miteremko ya pwani ya Bahari Nyeusi, kaskazini mwa Uturuki. Huko asali yake ina jina, deli bal, maana yake asali kichaa, na wagonjwa wengi walioandikwa katika majarida ya tiba wametoka ukanda huo. Nepali nako inapatikana. Nyuki wakubwa wa Himalaya hujenga masega yao kwenye majabali, na Wagurung, watu wa milima hiyo, huyarina wakining'inia kwenye ngazi za kamba huku moshi ukipanda kutoka chini.

Sumu hiyo inaitwa grayanotoksini. Si uchafu ulioingia baadaye, wala si dalili kwamba muuzaji amechakachua. Asali inaweza kuwa safi kabisa, halisi, mbichi, ya msituni, na bado ikakuangusha. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi huridhika wakishahakikishiwa kwamba asali "haijachanganywa na sukari". Hilo ni swali jingine kabisa.

Mwilini inafanya hivi. Seli za neva na za msuli wa moyo zina vijilango vinavyopitisha sodiamu. Kijilango hufunguka, ishara inapita, kinafunga, seli inapumzika na kungoja ishara nyingine. Grayanotoksini hukikamata kijilango kikiwa wazi na kukizuia kisifunge. Neva ya vagasi, ambayo kazi yake ni kuutuliza moyo, inabaki ikituma amri ileile: polepole, polepole. Moyo unatii. Presha inashuka, damu inayofika kwenye ubongo inapungua, mtu anaona giza. Wakati mwingine ishara ya umeme inayotoka vyumba vya juu vya moyo inachelewa kufika vyumba vya chini, au haifiki kabisa.

Kwa hiyo kwa kawaida hapa si mshipa ulioziba wala moyo uliochakaa. Moyo ni mzima, umepewa amri mbaya. Ndiyo sababu wengi hurudi katika hali yao ndani ya saa 24, na vifo ni nadra sana. Hatari kubwa iko katika zile saa za mwanzo: kuanguka na kupasuka kichwa, kuzimia ukiwa unaendesha gari, au kuwa mtu mzima mwenye moyo ambao tayari ulikuwa na shida zake.

Hatua ya 1: Soma dalili pamoja na saa

Dalili huanza kati ya dakika 20 na saa 3 baada ya kula. Kiasi kinachotosha si kikubwa. Kijiko kimoja au viwili vya chakula vimewalaza watu wengi. Mara nyingi mwanzo hauna kishindo: mdomo na vidole vinachomachoma kama vinaingia ganzi, mate yanajaa, tumbo linachafuka. Kisha jasho baridi, kizunguzungu, macho kuona ukungu, kutapika, miguu kukosa nguvu. Mtu akisimama, hasa akikimbilia msalani kutapika, ndipo anapoanguka.

Jiulize: amekula asali leo? Saa ngapi? Ni ileile ya siku zote au ni chupa mpya? Kama ni mpya, au imetoka kwenye sega moja, au imeletwa kama "asali maalumu", shaka yako iwe kubwa.

Hatua ya 2: Mlaze. Sasa hivi, hapohapo alipo

Usimwambie "twende ukapumzike chumbani". Usimkalishe kwenye kiti. Mlaze chali sakafuni, inua miguu yake juu ya mto au kiti ili damu irudi kwenye moyo na kichwani. Akitapika au akiwa hana fahamu vizuri, mgeuze alale ubavu ili matapishi yasimpalie. Legeza mkanda na vifungo vya shingoni. Na asiinuke hata akisema amepata nafuu. Akiwa amelala, ubongo unapata damu ya kutosha, hivyo hujisikia vizuri. Akisimama mambo yanarudi palepale.

Hatua ya 3: Pima mapigo kwa dakika nzima

Hiki ndicho kipimo kitakachokuambia mengi kuliko vyote, na hakihitaji kifaa. Mgeuze kiganja kiangalie juu. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, kwenye kibonde kilicho kati ya mfupa na ule mshipa mgumu. Usitumie kidole gumba chako, kina mapigo yake na utajihesabu mwenyewe. Usikandamize sana. Ukikosa, tafuta shingoni, pembeni mwa koromeo, upande mmoja tu.

Hesabu kwa sekunde 60 kamili. Ile njia ya kuhesabu sekunde 15 halafu kuzidisha mara nne haifai hapa, kwa sababu moyo unaopiga polepole na kurukaruka unaweza kukudanganya: piga, piga, kimya kirefu, piga. Ukikata hesabu katikati ya kimya, jibu litakuwa la uongo. Andika namba na saa kwenye karatasi. Rudia kila baada ya dakika 5 hadi msaada ufike.

Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo kati ya 60 na 100. Wanariadha wanaweza kuwa na 50 na wakawa wazima. Lakini 50 kwa mtu anayetapika na kutokwa jasho si kawaida, maana mwili ulio taabani ulipaswa kuukimbiza moyo. Chini ya 40 ni dharura isiyo na mjadala.

Mapigo hayohayo yanakusaidia kutofautisha. Mtu mwenye mzio wa asali au wa chavua kwa kawaida moyo wake hukimbia, ngozi inawasha na kutoa vipele, midomo na macho vinavimba, pumzi inabana. Asali kichaa ni kinyume: ngozi imepauka na imelowa, haiwashi, na moyo uko polepole. Aliyezimia kwa kuona damu au kwa joto, ukimlaza, dakika moja au mbili mapigo yanapanda na anakuuliza kimetokea nini. Huyu wa asali unamlaza, anafumbua macho, lakini ukishika kifundo bado ni 40. Kuna pia sumu ya dawa za kuulia wadudu, ambayo nayo huleta mate, jasho na mapigo ya chini. Kinachosaidia hapo ni kumulika macho, kwani mboni huwa zimesinyaa kama tundu la sindano. Lakini usijifanye daktari. Maumivu ya kifua yakiwepo, yachukulie kuwa mshtuko wa moyo hadi kipimo kikatae.

Hatua ya 4: Ita msaada, na useme hivi

Usingoje uone kama yatapita. Kweli yatapita, kwa wengi, lakini hujui huyu wako ni yupi. Piga simu ya dharura au tafuta gari, na mgonjwa asiendeshe mwenyewe hata kama hospitali iko jirani. Ukipokewa simu au ukifika mapokezi, sema kwa mpangilio huu:

"Amekula asali ya porini vijiko viwili, saa 2 asubuhi. Saa 3 kasoro akaanza kutapika, akazimia mara moja. Mapigo nimehesabu 38. Anatumia dawa ya presha, hii hapa."

Sentensi hizo chache zina kila kitu: nini, kiasi gani, saa ngapi, ilianzaje, mapigo, dawa. Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Dawa kadhaa za presha na moyo, hasa zile zinazopunguza kasi ya mapigo, husukuma upande uleule unaosukumwa na sumu. Beba vidonge vyenyewe na pakiti zake, usitegemee kukumbuka majina.

Beba na chupa ya asali. Usiioshe, usimimine, usimwachie mtu ajaribu kuonja "tuone". Niamini, katika kila familia kuna mmoja wa hivyo.

Akipoteza fahamu, asipumue au akawa anakoroma kwa kukatisha bila pumzi ya kawaida, anza kukandamiza kifua: katikati ya kifua, kiganja juu ya kiganja, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike.

Hatua ya 5: Yale usiyoyafanya

Usimtapishe kwa vidole wala kwa maji ya chumvi. Kutapika kwenyewe huichochea ile neva ya vagasi, na mapigo yanaweza kushuka zaidi; isitoshe, aliyelegea hupaliwa kwa urahisi. Usimpe pombe kumchangamsha, maana hutanua mishipa na kushusha presha iliyokwisha kushuka. Maziwa, mkaa wa kusaga, ndimu: achana navyo, na mtu anayetapika au kusinzia usimlazimishe kumeza chochote. Dozi yake ya jioni ya dawa ya presha isubiri hadi daktari aseme.

Hospitalini watafanya nini

Kitu cha kwanza ni kumfunga waya kifuani na kupima umeme wa moyo, kisha ataunganishwa na mashine inayoonyesha mapigo muda wote. Hakuna dawa ya kuivunja sumu yenyewe. Wanachofanya ni kuushikilia mwili hadi iishe. Atawekewa dripu ya maji ya chumvi ili presha ipande. Mapigo yakiwa chini na yanamletea shida atachomwa atropini kwenye mshipa, kwa kawaida miligramu 0.5 hadi 1, na inaweza kurudiwa. Atropini huinyamazisha amri ya neva ya vagasi, na mara nyingi matokeo yanaonekana mbele ya macho yako: namba kwenye kioo inatoka 38, 45, 60, na mgonjwa anaanza kuuliza viatu vyake viko wapi. Wachache ambao hawaitikii hupewa dawa za kukaza mishipa, au huwekewa kwa muda betri ya moyo ya kuendesha mapigo hadi sumu itoke.

Usishangae akilazwa hata kama anajisikia mzima. Atropini huisha nguvu mapema kuliko sumu, kwa hiyo mapigo yanaweza kushuka tena. Kumchunga kwa saa 24 ni busara, na mgonjwa anayetaka kujitoa saa ya pili kwa sababu "nimepona" anazungumza kwa nguvu ya sindano.

Jambo jingine la kusema kwa uwazi, hata kama linaleta aibu: kwa nini aliila. Wanaume wengi wa makamo huitafuta asali hii kwa ajili ya nguvu za kiume. Wakati mwingine imenywewa pamoja na dawa nyingine za nguvu, ambazo nazo hushusha presha, na mke hajui. Daktari anahitaji kujua. Mpe mgonjwa nafasi azungumze naye faragha.

Ukirejea nyumbani: suala la kijiko salama

Siku moja au mbili zifuatazo asipande ngazi za kupaka rangi, asiendeshe gari, na akiamka kitandani akae kwanza kidogo kabla ya kusimama. Kwa mtu ambaye hakuwa na ugonjwa wa moyo, kwa kawaida hakuna kinachobaki. Ikiwa mapigo bado yako chini baada ya siku mbili, basi huenda asali ilifichua tatizo ambalo lilikuwepo, arudi akapimwe.

Sasa tuongee kuhusu kile kijiko. Wauzaji husema: kijiko kimoja kidogo hakina neno, ni dawa ya presha na tumbo, tatizo ni kuzidisha. Upande wa presha wanasema kweli kwa namna yao. Inashusha presha, ndiyo, na huko kushusha presha ndiko sumu yenyewe ikifanya kazi. Kidonge cha presha kimepimwa. Kila kimoja kina kiasi kilekile. Asali haina kipimo. Sumu iliyo ndani yake inategemea ni maua gani yalichanua wiki ile, nyuki walikwenda mteremko upi, mvua ilikuwaje. Asali ya masika, rododendroni zikiwa zimechanua, kwa kawaida ndiyo kali. Mzinga mmoja unaweza kuwa mpole na wa jirani yake ukawa mkali. Kwa hiyo mtu aliyekula kijiko kimoja mwaka jana akawa mzima hajathibitisha chochote kuhusu chupa ya mwaka huu.

Watu wamejifunza hilo zamani sana. Mwaka 401 au 400 KK askari wa Kigiriki waliokuwa na Xenophon, jemadari na mwandishi, walikula masega karibu na mji ambao leo ni Trabzon. Wakatapika, wakashindwa kusimama, wakalala chini kama jeshi lililoshindwa vita. Hakufa hata mmoja. Siku ya tatu au ya nne wakaamka. Karne tatu baadaye askari wa Pompey, jemadari wa Kirumi, hawakuwa na bahati hiyo: kwa maelezo ya Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, wenyeji wa eneo hilohilo waliwawekea asali njiani, kisha wakawashambulia walipolegea. Na mwezi Agosti 2022, mkoani Düzce, Uturuki, dubu mchanga aliokotwa msituni akiwa amelewa asali hiyo, akapelekwa kwa daktari wa wanyama.

Kabla ya kufungua chupa mpya

Rangi haikuambii kitu cha uhakika. Wengine husema asali kichaa ni nyekundunyekundu, chungu kidogo, inakereketa kooni. Mara nyingi ni kweli, lakini kuna asali kadhaa nyeusi na chungu zisizo na madhara, na kuna yenye sumu ambayo utamu wake haukuonyi. Ikikukereketa, iteme, isipokukereketa, usihesabu kuwa umepewa ruhusa. Usitegemee pia kuichemsha au kuichanganya na kinywaji.

Uliza asali imetoka wapi na imevunwa msimu gani. Uliza kama imekusanywa kutoka mizinga mingi. Asali ya viwandani inayochanganywa kutoka sehemu nyingi huwa na hatari ndogo, kwa sababu hata kama kuna sumu imezimuliwa mno. Ya mzinga mmoja au sega moja, kutoka milima yenye rododendroni, ndiyo ya kuhofia. Na muuzaji wa mtandaoni anayejisifu kwamba asali yake "inalevya" amekwisha kukujibu. Mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za kupunguza mapigo au presha, mzee na mjamzito wasiiguse hata kwa kuonja. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 hapewi asali yoyote ile, lakini hiyo ni kwa sababu nyingine: bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaopooza misuli.

Kama chupa iliyomwangusha mtu bado ipo na hospitali haiihitaji, usimpe jirani, usiifiche juu ya kabati ukidhani utakumbuka. Funika vizuri, andika kwa kalamu nene "SUMU, ISILIWE", uitupe mahali ambapo watoto na wanyama hawafikii. Kisha mpigie simu yule rafiki aliyeileta, maana huenda na yeye amebakiza nyingine nyumbani kwake.